Klarineti Iliyowateremsha Ng'ombe wa Munigi

Niseme ukweli tangu mwanzo: katika Goma ya miaka ile ya hamsini hapakuwa na mpiga jazi aliyenishinda kwa kujisifu. Kwa kupiga, walikuwepo wawili watatu. Kwa kujisifu, hakuna.

Tulikuwa bendi ya watu watatu. Seremala mmoja, mtu wa kwetu Maniema, alipiga gita alilolichonga mwenyewe kwa mbao za masanduku ya sabuni. Fundi wa magari alipiga ngoma. Vilivyobaki vyote nilipiga mimi: klarineti, kodiani, kinanda cha mdomo, na kengele niliyoifunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Katika wimbo mmoja niliweza kubadilisha vyombo mara nne, na nafikiri watu wengi walikuja kuona nitajikwaa lini. Tulijiita jazi kwa sababu kila bendi siku zile ilijiita jazi, hata ile yenye ngoma mbili na chupa. Tulipiga Jumapili mchana kwenye baa moja karibu na soko, tukamaliza jua likiwa bado juu, maana sheria ya wazungu haikutaka kumkuta mtu mweusi barabarani usiku.

Siku nyingine za juma nilikuwa kalani, karani wa ofisi ya serikali. Nilipiga mashine ya kuandika, ripoti za Kifaransa zisizo na mwisho, na mkubwa wangu akitoka kwenda kula nilichomoa karatasi yake nikatia yangu. Niliandika maneno ya nyimbo zetu. Niliandika hadithi fupi za kupeleka kwenye gazeti la mji mkuu. Niliandika barua za mapenzi za watu wasiojua kuandika, na za watu wanaojua lakini waoga. Gazeti lilichapa hadithi yangu moja tu, na ule ukurasa nilitembea nao mfukoni mpaka ukachanika kwenye mikunjo, nikaugandisha kwa uji wa muhogo, nikaendelea kutembea nao.

Kwa hiyo utaelewa nilivyokasirika siku msichana mmoja aliponicheka.

Alikuwa akileta maziwa mjini kutoka Munigi, kijiji kilicho juu ya mji. Jumapili ile alisimama nje ya ukuta wa baa, kibuyu kitupu mkononi, akasikiliza nyimbo tatu bila kutikisa hata kidole. Nilipotoka kupunga hewa, nikamwuliza, huku nimeshajitayarisha kupokea sifa, kama muziki umempendeza.

"Muziki iko bien," akasema. "Lakini kila wimbo yako unalia juu ya mwanamuke. Banamuke balikufanya nini, kalani?"

Wenzangu wakacheka mpaka seremala akashika ukuta. Nilimchukia yule msichana siku mbili nzima. Siku ya tatu nikajikuta niko njiapanda ya Munigi saa ya maziwa, nimevaa tai, na sina chombo cha kutilia maziwa. Nilimpenda, basi. Nilimpenda kwa namna ya kutia aibu, ya kuchapa jina lake kwenye ripoti ya barabara na kulazimika kuanza ukurasa upya.

Shida ilikuwa baba yake. Muzee alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, Mkristo wa kusali kila asubuhi, amefiwa na mke, hana mtoto wa kiume. Mabinti wakubwa walikuwa wameolewa, huyu ndiye aliyebaki naye. Na wachumba alikuwa anawafukuza. Alimkatalia mwalimu. Alimkatalia mfanyabiashara mwenye lori lake mwenyewe. Sasa mimi, mpiga kengele kwa mguu, ningepitia wapi? Munigi nzima ilisema kitu kimoja: muzee hawezi kumpa mtoto wake mtu wa baa.

Nikaamua kwenda kumsoma. Nilipanda kwa kinga, ndiyo baiskeli yetu ya huku, nikijifanya natafuta siagi. Nilifika saa ya kuwapeleka ng'ombe majini. Munigi haina mto wala kisima. Yale mawe meusi ya volkano yanakunywa mvua yote, hayabakishi kitu. Kwa hiyo kila siku ya pili ng'ombe waliteremka mpaka ziwani, mwendo mzuri wa miguu kupita katikati ya mji.

Muzee alisimama mbele ya zizi, mgongo wake ukielekea ukuta wa mawe, akaweka filimbi ya mwanzi mdomoni. Wimbo ukatoka. Ulikuwa mfupi, sauti tano zinazoteremka, ya mwisho ikikaa kidogo kabla ya kuanza tena. Ng'ombe walinyanyua vichwa na kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Sikuwahesabu, maana kwa wenyewe kuhesabu ng'ombe wa mtu ni utovu wa heshima, na mimi nilikuwa natafuta heshima kwa udi na uvumba.

Lakini kilichoniua ni mashavu ya muzee. Hayakuvimba! Mabega hayakupanda, vidole vilisogea kidogo sana. Mimi nikipuliza klarineti navimba mpaka shingo. Nikajiambia, huyu ni bingwa, huyu ametuzidi wote hapa Kivu. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo nikijaribu kupiga bila kuvimbisha mashavu, nikapiga na kupiga mpaka nikaona nyota, nikaanguka kitandani na klarineti yangu. Seremala aliponikuta pale akasema labda muzee anapumua kwa masikio.

Nilimwandikia muzee barua ya kuomba siku ya kuja kuposa. Niliipiga kwa mashine, kurasa tatu, na nakala ya kaboni kama barua zote za serikali. Jibu lilirudi juu ya barua yangu yenyewe, kwa penseli, mwandiko wa msichana, maana ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake. Mtakuja Jumapili baada ya misa, muzee atatoa jibu siku ileile. Na kwenye ukurasa wa pili, pale nilipojifananisha na watu wakubwa wakubwa, alikuwa ameandika pembeni: punguza.

Nilipomkuta sokoni nilikuwa naruka kwa furaha. Yeye hakuruka.

"Baba atasema hapana," akaniambia. "Utakuja, utakunywa mushekera, utarudia kwenu."

"Juu ya jazi?" nikauliza, maana sababu nyingine sikuiona.

Akaangalia pembeni. "Haiko juu ya jazi."

Mtu mwenye akili angeuliza: basi ni juu ya nini? Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, kwa sababu nilikuwa nimepata wazo. Ningeuchukua ule wimbo wa muzee, ningeutengenezea rumba, na siku ya posa ningempigia kwa klarineti. Mpigaji gani atasikia wimbo wake mwenyewe umevalishwa vizuri hivyo, halafu amnyime mtu binti? Juma zima nilifanya mazoezi. Seremala akasema ni wimbo bora kuliko zote nilizowahi kutunga, nami nikamshukuru bila kumkumbusha kwamba sikuutunga.

Jumapili ikafika. Seremala alikuwa baba yangu mdogo wa siku moja na msemaji wangu, fundi wa magari alikuwa mjomba. Mimi nilikuwa mzigo. Ndiyo desturi: anayeposa hasemi, anakaa kwenye kiti na kuangalia magoti yake, wasemaji wanatupiana maneno. Klarineti niliificha chini ya kiti. Upande wa muzee msemaji alikuwa mdogo wake aliyeshuka kutoka Kibumba, mtu wa fimbo ndefu na kofia. Chungu cha mushekera, ile pombe ya mtama, kilikuwa katikati na mirija yake. Msichana alifungiwa ndani na mashangazi, kama inavyotakiwa.

"Tumepotea njia," seremala akaanza, "tukaona moshi kwenu, tukasema, hapa batatupatia moto."

"Moto yetu ni kidogo," akajibu wa Kibumba. "Jirani iko na mingi."

"Ya jirani inatoa moshi muingi. Macho ya mutoto wetu yako na ugonjwa."

Watu walicheka, walikunywa, ilikwenda vizuri. Jambo moja sikulijua: kwa ajili yetu wageni, ng'ombe hawakuteremshwa asubuhi ile, na mara ya mwisho walikunywa Ijumaa. Walikuwa wamesimama zizini, koo kavu, wanangoja.

Kisha yule wa Kibumba akasimama kutoa jibu. Akaanza kushukuru. Alishukuru safari yetu, alimshukuru Mungu, alizishukuru tai zetu. Mtu anayeshukuru hivyo anakuja na hapana. Nikamtazama muzee: alikuwa anaangalia chini, katikati ya viatu vyake. Bila kuomba ruhusa ya mtu, mimi mzigo, nikachomoa klarineti na kupiga.

Nilipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Niliupiga kwa mwendo wa rumba, mbio, na fundi wa magari hakuweza kujizuia, akageuza beseni na kuanza kulipiga. Seremala akapiga makofi. Muzee alinyanyua uso, nikaona macho yamemtoka, nikajiambia, nimempata!

Nyuma yangu miti ya mlango wa zizi ikavunjika.

Ng'ombe walipita katikati ya posa yangu. Mmoja aliondoka na kitambaa cha meza kwenye pembe. Mwingine alikanyaga chungu, mushekera ukamwagika, shangazi mmoja akapanda juu ya ukuta wa mawe na sahani yake ya ndizi bila kumwaga hata moja. Kwangu mimi wimbo ni wimbo tu, unauokota, unaupiga. Kwa ng'ombe ulikuwa amri: twendeni majini, na leo upesi! Nilishtuka nikaacha kupiga, na wao palepale wakakosa njia, wakaanza kutawanyika kwenye maharage ya majirani.

"Piga!" muzee akalia. "Piga, wewe! Usiache!"

Nikapiga. Nikatoka barabarani nikikimbia kinyumenyume, kisha kimbelembele, na ng'ombe wote nyuma yangu. Nyuma ya ng'ombe walikuja wazee wameshika kofia, mashangazi wameshika viatu, mjomba wangu na beseni lake, na seremala ambaye, kwa sababu hakuna aliyemwambia posa imekwisha, alikuwa bado anamalizia hotuba yake huku anakimbia. Watu waliokuwa wakirudi kutoka misa ya mwisho waliona suti, muziki na ng'ombe, wakafikiri ni harusi, wakaingia kwenye msafara wakipiga vigelegele. Sokoni wateja wetu wa Jumapili walitoka baa wakicheza. Askari polisi alisimamisha gari la mzungu, akatupungia mkono tupite, halafu, sijui kwa nini, akapiga saluti. Kwenye majumba ya wazungu karibu na ziwa ng'ombe mmoja alionja maua, na mama mzungu kwenye baraza akapiga makofi.

Nilikuwa na furaha ya kichaa. Midomo ilikuwa inauma, tai iko mgongoni, nilikuwa nimeharibu posa yangu mwenyewe mbele ya Goma nzima, na bado nilikuwa nacheka ndani ya klarineti mpaka sauti inakatika. Sijawahi tena kuwa na watu wengi vile nyuma ya muziki wangu.

Tulifika ziwani. Ng'ombe wakaingia majini mpaka magotini, wakanywa. Nikaanguka kwenye mchanga. Kila mtu alicheka, hata wa Kibumba alikuwa anajifuta machozi. Muzee peke yake hakucheka. Alisimama karibu na matete, mkono kifuani.

Ng'ombe walipokwisha kunywa wakaanza kutawanyika, wengine upande wa matete, wengine wanarudia yale maua.

"Kaka, ubaite," wa Kibumba akasema. "Tupande."

Kuna wimbo wa kuteremka na kuna wimbo wa kurudi. Wa kurudi mimi sikuujua. Muzee akatoa filimbi kwenye koti. Watu wakafanya duara, na mimi nikajivuta mbele kuliko wote, niyaone tena yale mashavu.

Akaweka mwanzi mdomoni. Hakuna kitu. Akageuza macho kwenye matete, akangoja, kama mtu aliyezoea kujibiwa kutoka huko. Hakuna kitu. Ndipo akajaribu kupuliza kweli. Ilitoka hewa tupu, kisha kikohozi kikamshika, kikamkunja, kofia ikaanguka. Mimi ni mpulizaji, kifua ndicho ninachokula nacho, na nilipokisikia kikohozi kile nilijua: pumzi ya mtu huyu imekwisha zamani. Hakuwa amepiga ule wimbo niliousikia Munigi. Hakuwa amepiga wimbo wowote.

Msichana akatoka katikati ya watu, kitenge cha mashangazi bado kichwani, miguu imejaa vumbi jeusi. Kwao msichana hapigi mluzi, hapulizi filimbi. Wazee wakisikia wanatema mate chini. Akamshika baba yake mkono, akaitwaa filimbi. Wa Kibumba akanyanyua fimbo.

"Wewe, acha ile!"

Msichana hakuiachia filimbi. Alinigeukia mimi kwanza.

"Wimbo yangu uliipiga mbio sana," akasema. "Ndiyo maana balivunja mulango. Inapigwa polepole."

"Wimbo yako?"

"Ya nani ingine?"

Muzee akakaa juu ya jiwe. Alingoja pumzi imrudie.

"Sasa ni myaka mbili," akasema. "Mimi naweka mwanzi ku kinywa, yeye anapiga nyuma ya ukuta. Hapa anapiga mu matete, na debe yake ya mayi, sawa mutu anakuja kuteka. Nilipata haya kusema kifua imekufa. Nilipata haya mutoto wangu mwanamuke asikiwe anapiga." Akanitazama. "Mwalimu nilimukatalia. Mutu ya lori nilimukatalia. Na wewe nilikuwa nakukatalia. Haiko juu ya jazi. Akienda, nani ataniitia ngombe?"

Nilisimama. Mzigo hausemi, lakini siku ile ilikuwa imeshaharibika vya kutosha.

"Muzee, asiende. Mimi nitakuja."

Seremala akanivuta koti kwa nguvu. Kwetu mwanaume anayekwenda kukaa kwa baba wa mke wake anachekwa mpaka na wajukuu. Nilijua. Nilimwondoa mkono.

"Kinga niko nayo," nikasema. "Asubuhi nitashuka ku biro, ku kazi, mangaribi nitapanda."

"Na Jumapili?" muzee akauliza. "Jumapili wewe uko mu baa."

Sikuwa nimefikiri mpaka Jumapili, na watu wote walikuwa wananitazama, na klarineti ilikuwa mkononi mwangu ikidondosha mate.

"Ngombe banakunywa kila siku ya pili," msichana akasema. "Jumapili moja ya ngombe, Jumapili moja ya jazi. Na hii nyimbo, nitamufundisha. Anapiga vibaya lakini hachoki."

Muzee akacheka, kikohozi kikamrudia, akacheka tena juu yake. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote:

"Sikupatii umupeleke. Nakupatia ukae naye."

Fimbo ya wa Kibumba ikashuka. Akatazama pembeni, ng'ombe mmoja alikuwa ameshafika kwenye lango la bustani, akasema kwa sauti ya chini, "Basi umwambie abaite."

Msichana, kwa mazoea, akaanza kutembea kuelekea matete. Baba yake akamshika kitenge.

"Hapana," akamwambia. "Hapa."

Msichana akapiga palepale, wimbo wa kurudi nyumbani, wa polepole, mashavu yamejaa pumzi, na ng'ombe wakatoka kwenye maua na kwenye matete wakamfuata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga watu wakimwona, na hakuitoa filimbi mdomoni mpaka tulipovuka soko.